Chembe Zilizokosekana Katika Damu ya Kaka

Katika hospitali ile hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, wote walimwita Mama Vioo. Ni kwa sababu ya vile vipande vya kioo, virefu kama kidole cha shahada, ambavyo alivipaka damu, akavitia rangi, akavipanga kwenye kichanja cha waya vikauke, kisha akaviinamia kwenye hadubini saa nzima bila kunyanyua kichwa. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka ishirini na mitatu. Wakati wa mambo haya alikuwa na hamsini na miwili, na mto wa kiti chake ulishabadilishwa mara sita. Huu wa mwisho aliushona mwenyewe kwa kipande cha pazia la maabara lililochanika.

Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono taratibu. Chembe nyeupe za damu alizizungumzia kama mtu anavyowazungumzia majirani. "Hawa walio wengi ni askari wa zamu," angekuambia. "Ukijikata tu, hao wameshafika. Hawa wa duara ni makarani, wanaweka kumbukumbu." Lakini aliyempenda kuliko wote ni yule ambaye vitabuni anaitwa eosinofili, na yeye akamwita Bibi Shanga. Kiini chake kimegawanyika vipande viwili kama miwani, na mwili mzima umejaa punje nyekundu zinazoelekea rangi ya chungwa, zimebanana kama shanga kwenye kikopo. Katika chembe nyeupe mia moja utamkuta mmoja, wawili, pengine watatu. Mama Vioo akimwona alikuwa anaguna kidogo kwa kuridhika, na wenzake chumbani walijua ameona nini bila kuuliza.

Kisha ikaletwa mashine ya kuhesabu damu, kubwa kama jokofu la kulaza. Unaiwekea chupa, inanyonya kidogo, na baada ya dakika moja inatema karatasi yenye hesabu zote. Wenzake wakamtania, "Mama Vioo, sasa utapumzisha macho."

"Niyapumzishe nitazame nini, ukuta?" akawajibu, na kila siku akaendelea kuchagua chupa tano sita, akazipaka kwenye vioo kuona kama mashine inasema kweli.

Siku moja asubuhi aliingia maabara daktari mgeni wa kliniki ya kifua. Hilo peke yake lilikuwa jambo. Madaktari huleta fomu, hawaji wenyewe, na wakija basi wamekuja kugomba kwamba majibu yamechelewa. Huyu alikuwa binti mwembamba aliyevaa raba miguuni. Aliamkia, "Shikamoo mama," akavuta kiti.

"Marahaba, daktari. Tumekosa nini leo?"

"Hamjakosa kitu. Nina ombi. Kila mgonjwa wa pumu nitakayemleta, nataka nijue ana eosinofili ngapi. Si asilimia tu, idadi kamili. Na saa ambayo damu ilitolewa iandikwe."

"Za nini?" Mama Vioo akauliza, halafu akajishangaa. Miaka ishirini na tisa alikuwa anawahesabu Bibi Shanga, na swali hilo hakuwahi kuliuliza.

Daktari aliegemeza viwiko mezani. "Watu wawili wanakuja kwangu, wote kifua kinapiga filimbi. Mmoja njia zake za hewa zimevimba kwa ndani, na kwenye huo uvimbe wamejaa hawa. Nikimpa dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe, anapata nafuu kubwa. Mwenzake anapiga filimbi ileile, lakini kwa ndani hawa hawapo, au ni wachache, na dawa ileile haimsaidii sana. Kwa sikio siwezi kuwatofautisha. Na kifua cha mtu siwezi kukifungua kama kabati nikachungulia."

"Kwa hiyo unachungulia kwenye damu."

"Nachungulia kwenye damu. Wanapita humo wakielekea mapafuni. Nikiwaona wengi njiani, nahisi na kule wamefika wengi. Si ushahidi wa kumfunga mtu, mama. Ni fununu tu. Lakini ni fununu nzuri."

Maneno hayo yalimkaa kichwani. Jioni ileile alitafuta daftari jipya, akachora mistari: namba ya mgonjwa, saa, hesabu ya mashine, hesabu ya jicho. Baada ya wiki mbili alikuwa na maswali kuliko majibu. Mwanamke mmoja alikuwa na eosinofili mia tisa katika mikrolita moja ya damu, yaani katone kadogo mno, ambamo mtu wa kawaida hana zaidi ya mia tatu au mia nne. Daktari alifurahi kwamba amepata jibu, lakini Mama Vioo akasema ngoja kwanza, apimwe choo. Akapimwa, akakutwa na minyoo. Alipotibiwa, hesabu ilishuka hadi mia tatu na hamsini. Kumbe Bibi Shanga ana shughuli zaidi ya moja, na ukimkuta barabarani hujui anakwenda msiba gani.

Suala la saa nalo lilimsumbua. Kwa nini daktari anataka saa? Hakuuliza, alijitoa mwenyewe. Alimwomba mwenzake amtoe damu saa nne asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni, siku tatu mfululizo. Asubuhi alikuwa na mia na kumi, mia na thelathini, mia na ishirini. Jioni, mia na tisini, mia mbili, mia na themanini. Mtu yuleyule, damu ileile, hana ugonjwa wowote.

"Mama Vioo, utajimaliza damu," mwenzake alimwambia, akimbandika pamba mkononi.

"Iliyobaki inatosha kunifikisha nyumbani. Angalia hapa! Mchana wanajificha, jua likizama wanatoka. Hujiulizi kwa nini?"

"Mimi najiuliza kwa nini bado hatujaenda nyumbani."

Huyo ndiye Mama Vioo. Sasa kaka yake.

Alikuwa na kaka mmoja tu, aliyemzidi miaka minne, fundi seremala. Mtaani walimwita Randa, kwa sababu chombo hicho cha kulainishia mbao kilikuwa hakimtoki mkononi. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Walipokuwa wakienda shule kwa miguu, kaka alikuwa anasimama mara tatu njiani, anainama, anafunga kamba za viatu. Kamba zenyewe zilikuwa hazijafunguka. Dada alikuwa anasimama pembeni akitazama upande mwingine mpaka pumzi irudi, na hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo hata siku moja.

Lakini miaka minne iliyopita kaka alibadilika. Kifua kikatulia. Akawa anabeba mbao peke yake, anakula vizuri, uso ukamjaa ukawa wa duara. Watu wakasema mambo yamemnyookea. Yeye alisema, "Nimepona kwa kazi. Pumu imenichoka." Wifi, yaani mkewe, alisema ni mapishi yake. Mama Vioo alifurahi tu, hakuchimba.

Kisha mwaka huo, bila taarifa, pumu ikarudi kwa kishindo. Alibanwa akiwa karakanani, akakaa chini kwenye maranda ya mbao, midomo ikageuka rangi. Wifi alimpakia kwenye gari la jirani hadi hospitali, wakamtuliza, akaruhusiwa kesho yake. Akapewa tarehe ya kliniki ya kifua. Alisema haendi. Wifi akamwambia kama haendi kwa miguu yake atapelekwa na mkokoteni wake mwenyewe, na mtaa mzima utoke kutazama. Akaenda.

Chupa yake ilifika maabara siku ya Jumatano, yenye kifuniko cha zambarau, jina limeandikwa kwa wino wa bluu. Mama Vioo alimwonyesha mwenzake: "Huyu ni kaka yangu. Nakuambia ili ujue, na hesabu yangu uihakiki." Akaiweka kwenye mashine huku ameshapiga hesabu kichwani. Mtu mwenye pumu tangu utotoni, aliyebanwa juzi tu, anayeishi kwenye vumbi la mbao? Mia tano, hata mia sita.

Mashine ikatema karatasi. Eosinofili: sifuri.

"Umekosea, bibi," aliiambia mashine. Akapaka kioo, akakitia rangi, akadondosha tone la mafuta, akainama. Akahesabu chembe mia moja nyeupe. Askari wa zamu tele, wengi kuliko kawaida. Makarani kiasi. Bibi Shanga hakuna. Akahesabu mia ya pili, ya tatu, ya nne. Mia nne, hakuna hata mmoja.

Wazo la kwanza likawa rangi. Maji ya kusuuzia yakiwa na uchachu usio sahihi, punje nyekundu hazishiki rangi vizuri. Akatengeneza maji mapya, akapaka damu ya kaka pamoja na damu ya mgonjwa mwingine, akavitumbukiza vioo vyote viwili kwenye chombo kimoja kwa dakika zilezile. Kwa yule mwingine Bibi Shanga walitoka wamependeza, wekundu kama walivyotakiwa. Kwa kaka, patupu. Wazo la pili likawa chupa: labda zimebadilishwa. Akaomba damu itolewe upya, akasimama mwenyewe mlangoni akiangalia jina linavyoandikwa. Majibu yakawa yaleyale.

Sasa hakuwa na wa kumsingizia. Alichukua kile kioo, akakifunga kwenye karatasi laini, akapanda ngazi hadi kliniki ya kifua.

Daktari alikisikiliza kisa chote bila kumkatiza. "Mama, kitu gani kinaweza kuwafuta hawa kwenye damu kiasi hicho?"

"Maambukizi makali," Mama Vioo alisema. "Lakini hana homa. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, kama ajali au upasuaji. Hajapata." Cha tatu alikijua, ila ulimi ulikuwa mzito.

"Na vidonge vya steroidi, vile vikali vya kutuliza uvimbe," daktari alimalizia. "Vinawafagia ndani ya saa chache. Lakini nilimuuliza dawa anazotumia. Aliniambia hana zaidi ya pampu ya bluu, anayovuta akibanwa."

"Kaka yangu si mwongo."

"Sijasema ni mwongo. Nimesema damu yake haina hata mmoja."

Daktari akaongeza kwa upole, "Wewe ni dada yake, tena ni mtu wa maabara. Yaliyo kwenye fomu yake usiende kuyatoa nyumbani. Akija wiki ijayo nitamuuliza mimi tena."

"Na nikimwonyesha damu yake mwenyewe? Kwa hadubini?"

Daktari alifikiri kidogo. "Hiyo ni damu yake. Akitaka kuiona, nani wa kumkataza?"

Jumamosi Mama Vioo alikwenda karakanani, kama ambavyo huwa anapita mara kwa mara. Ilikuwa banda refu la mabati lenye meza mbili za kufanyia kazi, milango sita imeegemezwa ukutani ikisubiri bawaba, na vumbi jepesi la mbao limetanda hadi kwenye redio. Kaka alikuwa anapiga msasa fremu ya dirisha.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Leo umekosa damu za watu umekuja kunyonya yangu?"

Alicheka, naye akacheka. Lakini safari hii alimtazama kaka yake kwa jicho la kazini. Uso ule wa duara. Ngozi ya mikono, nyembamba kama karatasi, yenye mabaka ya zambarau kama wino uliomwagika. Mabaka hayo alishayaona mwaka mzima, akasema moyoni ni mbao zinamgonga. Tumbo limetokeza, miguu imekonda. Yote yalikuwa wazi, na yeye, mtu wa kuona vitu vidogo kuliko vumbi, hakuwa ameona. Alitamani kuuliza palepale. Akauma meno.

"Kaka, ulishawahi kuiona damu yako?"

"Kila nikikosa msumari."

"Si hiyo. Kwa ndani. Ilivyojengwa."

Kaka aliweka msasa chini. Mtu aliyetumia maisha yake kutazama jinsi vitu vilivyoungwa hawezi kuachia swali kama hilo lipite. "Inaonekana?"

"Njoo Jumatatu saa nane, baada ya foleni kuisha."

Alikuja amevaa shati la kwendea harusini. Mama Vioo alimkalisha kwenye kiti chake chenye mto wa pazia, akamfundisha kukaribisha macho. Kaka alitazama kwa muda, kisha akasema, "Naona majani marefu meusi."

"Hizo ni kope zako. Rudi nyuma kidogo."

Mwanzo alimwekea kioo cha kufundishia, kisicho na jina la mtu, cha damu iliyojaa Bibi Shanga. Alimwelekeza pa kutazama. Kaka akaguna, akaguna tena. "Huyu? Huyu mwenye miwani?" Alifurahi kama mtu aliyepewa randa mpya. Aliuliza punje zile ni za nini, akaambiwa ni silaha. Zikimwagwa kwenye njia za hewa zinachubua na kuvimbisha, ndiyo sababu kifua kinabana. Aliuliza wana ukubwa gani. Akaambiwa wakipangwa themanini kwa mstari, wanafika milimita moja. Akaitazama rula iliyokuwa mezani, akatikisa kichwa.

"Sasa niwekee yangu."

Akamwekea. Akampa na kile kidude cha kubonyeza kwa vidole, kila aina ya chembe na kitufe chake. Kaka alibonyeza taratibu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama anapopima pembe ya mlango. Alifika mia. Akaendelea hadi mia mbili. Kitufe cha Bibi Shanga hakikuguswa.

"Wangu wako wapi?"

"Ndilo swali nililotaka kukuuliza, kaka."

Hakugeuka. Aliendelea kuinamia hadubini, ingawa kwa jinsi mabega yalivyokaa ilikuwa wazi hatazami kitu.

"Vile vidonge," alisema hatimaye.

Habari ikatoka yote. Miaka minne nyuma alibanwa, zahanati moja ikampa vidonge vidogo vyeupe vya siku tano. Siku ya pili aliamka kama mtu mpya. Muuguzi alimwonya kwamba zikiisha siku tano asivirudie. Zilipoisha alivumilia wiki mbili, kifua kikaanza tena, akaenda duka la dawa akaonyesha karatasi ya zamani, akauziwa. Tangu hapo kila asubuhi viwili. Alivificha kwenye kopo la parafujo, chini kabisa, ambako hakuna mtu angetia mkono. Mwezi ule aliobanwa karakanani, vilikosekana dukani siku tano, ndipo akaanguka. Alipovipata tena, akaanza kumeza vinne kwa siku, kwa woga.

"Daktari alikuuliza."

"Aliniuliza. Ningemwambia nini? Kwamba nilikatazwa nikaendelea? Na nilijua damu yangu inakuja kwako." Akageuka sasa, macho mekundu. "Sikujua kwamba nayo inasema."

Mama Vioo alipandwa na hasira. Hasira kwa kaka, kwa duka, na zaidi kwake mwenyewe. Lakini kilichotoka mdomoni kilikuwa swali. "Kila kidonge ni miligramu ngapi?"

"Tano. Basi, yamekwisha. Leo nikifika nyumbani vyote nakwenda kuvimwaga chooni."

"Thubutu!" Alimshika mkono wa shati kwa nguvu hadi kifungo kikatoka. "Ukiacha kwa mara moja utaanguka usiinuke. Mwili wako ulikuwa unajitengenezea dawa kama hiyo wenyewe, kidogo kidogo. Miaka minne unaletewa bure, umesahau kazi. Unatakiwa ukumbushwe polepole. Inuka, twende juu."

Daktari hakumkaripia. Alimuuliza yaleyale, akaandika, akampima sukari, ikakutwa imepanda, na shinikizo la damu nalo lilikuwa juu kidogo. Alimpangia kupunguza vidonge kwa miezi mingi, robo kwa robo, na kwa wakati uleule avute dawa ya kutuliza uvimbe asubuhi na jioni kila siku, abanwe asibanwe. Damu ipimwe kila baada ya wiki mbili, saa nne asubuhi, isiwe saa nyingine.

Kaka mwenyewe alimweleza mkewe siku ileile. Wifi alishika kiuno. "Miaka minne naishi na duka la dawa ndani ya nyumba, sina habari!" Kisha akaketi. "Na kule kunenepa. Nimewaambia watu wote ni mapishi yangu." Mama Vioo alishindwa kujizuia, akacheka hadi machozi, na wifi naye akacheka huku analia. Kopo la parafujo lilihamia kwenye kabati lake, na tangu siku hiyo ndiye aliyegawa vidonge, kwa kisu chembamba, juu ya kibao cha jikoni.

Mwezi wa kwanza hesabu ilikuwa sifuri, na sifuri. Wiki ya sita, Mama Vioo akiwa katika mia ya tatu, alikutana naye: kiini cha miwani, shanga tele, kajikalia ukingoni mwa kioo. Alipiga kelele hadi mwenzake akadhani amejichoma. Akachukua simu.

"Kaka! Amekuja mmoja!"

"Mmoja tu?" sauti ya upande wa pili ikauliza, msumeno ukilia nyuma yake. "Mwambie akaribie, ila asilete ukoo."

Lakini ukoo ukaja. Tisini. Mia tatu na kumi. Mia sita na arobaini. Na kadiri hesabu ilivyopanda, ndivyo kifua kilivyobana. Alianza kuamka na kikohozi, na alipopuliza kile kibomba cha kupimia nguvu ya pumzi, mshale uliishia mia mbili na hamsini, wakati mwanamume wa umri wake hufika mia tano na zaidi. Akaanza kuvitazama vidonge kwa macho ya kutamani. Wifi akafunga kabati kwa ufunguo.

Mama Vioo alichoshindwa kuelewa ni kwa nini dawa ya kuvuta haiwagusi Bibi Shanga. Alimfuata daktari na daftari lake. Daktari akasema, "Mwambie aje avute mbele yangu." Kaka akaja, akatikisa pampu, akaiweka mdomoni, akabonyeza, na ndipo akavuta pumzi, baada ya dawa yote kuwa imeshatua kwenye ulimi. Karibu miezi mitatu alikuwa anautibu ulimi. Akapewa chombo cha plastiki cha kuunganisha na pampu, ili dawa isubiri humo avute kwa nafasi. Kiasi cha dawa ya kuvuta kikaongezwa. Wiki nne baadaye eosinofili zilikuwa mia mbili na themanini, na mshale umefika mia tatu na tisini.

Hapo kaka naye akaambukizwa udadisi. Nyuma ya mlango wa karakana akaanza kuandika kwa penseli: wiki hii mbao gani, hesabu ngapi, mshale wapi. Alishuku mbao moja nyekundu, ngumu, yenye vumbi laini kama unga. Wiki mbili aliikata, hesabu ikapanda. Wiki mbili aliiacha, ikashuka. Akapeleka kesi kwa daktari kwa furaha.

"Inawezekana," daktari alisema. "Lakini umenipa hesabu mbili. Na zile wiki mbili ulizoiacha ndizo ambazo ulihamishia msumeno nje na kuanza kumwagia maji sakafuni. Nani alikusaidia, mbao au maji?"

Kaka alirudi amenuna, akafuta nusu ya mlango, akaanza upya. Mpaka leo hana hakika. Barakoa anavaa kwa mbao zote.

Huku maabara, daktari na Mama Vioo walikubaliana jambo: mgonjwa yeyote wa pumu atakayekuja na sifuri au karibu na sifuri, aulizwe kwa utaratibu, bila kugombezwa, kama ana vidonge anavyonunua. Kwa miezi minne walipata watano. Wanne walikuwa wanameza, mmoja wao kwa miaka saba. Wa tano alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, ambaye aliapa hajawahi kumeza kitu. Walipima mara tatu, kwa saa tofauti. Ishirini, kumi, thelathini. Minyoo hana, homa hana, vidonge hana, na kifua kinapiga filimbi kama birika. Dawa ya kuvuta inamsaidia kidogo tu.

"Huyu ndiye yule mwenzake niliyekusimulia siku ya kwanza," daktari alisema.

"Sasa njia zake za hewa zimevimbishwa na nani, kama si hawa?"

"Hapo, mama, hata mimi bado nasoma."

Mama Vioo alianza ukurasa wake peke yake kwenye daftari, na kila mara fundi cherehani yule anapokuja kliniki, anamwomba kioo kimoja cha ziada. Mama yule anakubali, ila kwa sharti la kutazama naye.

Kaka alimeza robo yake ya mwisho mwezi wa kumi na tatu tangu aanze kupunguza. Pumu haikuondoka, kukiwa na baridi bado inamkumbusha, na pampu zake mbili zinakaa kwenye mfuko wa aproni bila kufichwa, moja ya kila siku na moja ya dharura. Sukari imeshuka. Uso umerudi ule mwembamba wa zamani, na wateja waliozoea unene wanamuuliza wifi kama mume ana tatizo. Wifi anawajibu hana, ni mapishi.